Sakafu ya mbao iliyokuwa chini ya zulia, na milimita tano nilizokuwa nazo

Tulipong'oa zulia la chumba cha kwanza mdogo wangu ndo aliyepiga kelele, mi nilikuwa upande wa pili nimeshika pembe ya zulia navuta huku vumbi limenijaa machoni, yeye tayari kainama anapangusa chini na kiganja anasema dada njoo uone, hii ni mbao, mbao kabisa. Na kweli ilikuwa mbao. Ndefu, nyembamba, zimebanana vizuri sehemu nyingi, rangi ya kahawia iliyofifia, juu yake gundi kavu ya zulia na matone ya rangi ya ukutani, na karibu na dirisha doa jeusi kubwa kama sahani. Nilikaa chini nikaanza kuzipapasa tu. Yaani miaka yote hiyo watu wanatembea juu ya zulia na hii kitu iko hapo chini imelala.

Hapohapo nikaamua sitaki zulia jipya wala vigae, nataka sakafu hii irudi. Vyumba viwili na korido. Imenichukua mwezi mzima na siku kadhaa, jioni baada ya kazi na wikiendi zote, na naandika hapa kwa kirefu kwa sababu kabla sijaanza nilisoma huku na kule na karibu kila mtu anaongelea mashine gani na vanishi gani, sikukuta anayesema anza kwa kupima. Hilo nililipata kwa mzee mmoja fundi seremala, rafiki wa baba, alipopita kuniangalizia kabla sijakodi chochote.

Nilidhani atatazama yale madoa. Hakuyatazama. Alienda moja kwa moja mlangoni, akapiga magoti, akafungua kwa bisibisi kile kipande cha mbao kinachofunika kizingiti, akaniita. Pale kizingitini ubao unaonekana kwa ubavu, kama mkate ulioukata. Akaniambia, mwanangu, hapa ndo utajua sakafu yako ina umri gani umebaki. Mbao za aina hii zina ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine, ulimi wa ubao huu unaingia kwenye mfereji wa ubao ule, na misumari imepigwa kwa kujificha hapo kwenye ulimi. Sasa unene wa ubao mzima unaweza kuwa milimita 20 lakini kinachohesabika ni kile kilicho juu ya ulimi tu. Ukisaga mpaka ukaufikia ulimi basi, kingo zinaanza kumeguka, vichwa vya misumari vinachungulia, na hakuna fundi wa kukurudishia.

Tukapima na rula. Milimita 5 juu ya ulimi. Mbao kama hizi zikiwa mpya mara nyingi zinakuwa na 6 au 7 hivi, kwahiyo mzee akasema hii imeshapigwa msasa mara moja, labda mbili, na aliyefanya hajaacha alama yoyote. Mashine kubwa ikipita kuanzia msasa wa kwanza mpaka wa mwisho inakula kama nusu milimita hadi milimita nzima kutegemea unavyoiendesha. Piga hesabu mwenyewe, na kumbuka huwezi kushuka mpaka kwenye ulimi wenyewe. Sakafu hii ina mara tatu au nne zilizobaki maishani mwake, na mimi nilikuwa naenda kutumia moja. Tangu siku hiyo sijaweza kuiangalia kazi hii kama kusafisha, kila vumbi lililoingia kwenye mfuko wa mashine nililiona ni unene ambao mtu mwingine baadae hatakuwa nao.

Kama sakafu yako sio mbao nzima bali ni zile za tabaka, yaani ngozi ya mbao nzuri juu na plaiwudi chini, hapo kupima ndo lazima zaidi, maana hiyo ngozi inaweza kuwa milimita 6 na inaweza kuwa 2 au pungufu ya hapo, na ile nyembamba ukiipandishia mashine kubwa unatokea upande wa plaiwudi dakika ileile. Na laminati usiguse kabisa, ile sio mbao, ni picha ya mbao imebandikwa.

Kingine cha kufanya kabla ya kuwasha chochote ni kujua unachoenda kukigeuza vumbi. Nyumba ya zamani ina mambo yake. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, Marekani kwa mfano walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, kwingine zilichelewa zaidi kuondoka, na risasi ikishakuwa vumbi inaingia mwilini kirahisi na watoto ndo inawaumiza zaidi, inagusa ubongo. Kama sakafu imepakwa rangi na nyumba ni ya zamani, pima kwanza, kuna vipimo vidogo vya kusugulia na kuna maabara wanaopokea kipande. Alafu ukifunua zulia ukakuta vigae vya zamani vya plastiki vimebandikwa na gundi nyeusi kama lami, simama hapo. Vile vigae na ile gundi mara nyingi vina asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, havipigwi msasa, havikwanguliwi vikiwa vikavu, unatafuta watu wa kazi hiyo. Mi nilikuwa na bahati, gundi yangu ilikuwa ya kahawia hafifu ya zulia tu, nikailainisha na maji ya moto na kitambaa nikaikwangua na chuma, siku mbili magoti yanauma lakini ikatoka.

Mpako wa zamani uliokuwa juu ya mbao nao niliujaribu. Tone la spiriti, ikilainika na kunata ujue ni sheliki, aina ya vanishi ya zamani. Tapentaini kwenye kitambaa cheupe, kikitoka na uchafu wa njano unaoteleza ujue kuna nta. Yangu ilikuwa na nta juu ya vanishi, na nta ukiipigia msasa inayeyuka kwa joto inaziba msasa wote, unabadilisha kipande kimoja baada ya kingine bila kuendelea. Kwahiyo nikaifuta kwanza na tapentaini madirisha yote yakiwa wazi, nikasubiri mpaka harufu iishe kabisa kabla mashine haijaingia.

Vumbi sasa. Tafadhali msilichukulie poa. IARC, wale wa utafiti wa saratani chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1995 waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na hapo wanaongelea vumbi la mbao zenyewe bila hata rangi wala vanishi. Barakoa ya kitambaa haisaidii, vaa ile ngumu ya FFP2 au N95 inayobana pua vizuri, na miwani, na vizibo vya masikio kwa sababu dram, ile mashine kubwa ya kusagia, inapiga kelele mpaka kichwa kinauma. Milango ya vyumba vingine niliziba na nailoni na tepu. Na mfuko wa vumbi wa mashine usiuache ndani usiku, hata ukiwa nusu. Vumbi laini likichanganyika na vanishi ya zamani linaweza kupata moto lenyewe, au cheche moja ya msumari ikaingia humo ikakaa kimya masaa kadhaa ndipo iwake. Mimi nilikuwa nautoa nje kila ukifika theluthi, namwaga kwenye ndoo ya bati mbali na nyumba.

Misumari ilinichukua jioni tatu, na sio kazi ya kusisimua hata kidogo. Unatambaa na tochi unatafuta kila kichwa cha msumari kilichojitokeza, unakizamisha chini kwa nyundo na kile kipande cha chuma chenye ncha butu, milimita 2 au 3 chini ya uso wa mbao. Kumbuka utasaga, kwahiyo kilicho sawa na uso leo kesho kitakuwa kimejitokeza. Nilikosa mmoja tu na ulinichania msasa mzima wa dram.

Haya, mashine.

Chumba cha kwanza nilitumia mashine ya dram. Ni silinda inayozunguka imezungushiwa msasa, unaisukuma kama mashine ya kukata majani, na ina nguvu ambayo hakuna anayekuandaa nayo. Inakuvuta. Sheria yake ni moja, dram ikigusa mbao mashine lazima iwe inatembea. Unaanza kutembea kwanza ndipo unaishusha taratibu, na kabla hujafika mwisho unainyanyua ukiwa bado unatembea, kama ndege inavyogusa uwanja na kupaa tena. Nilijua yote hayo, mzee alinieleza, nilifanya vizuri kama mistari kumi. Mstari wa kumi na moja waya wa umeme ulijikunja mbele yangu, nikageuza shingo kuuangalia, miguu ikasimama, dram ikawa chini. Sekunde mbili labda. Nilipoinyanyua kulikuwa na bonde limekata mbao nne kwa upana, ukipitisha kidole unaliingia.

Niliumia sana, sitaficha. Bonde la hivo huwezi kulijaza, halitajazika kamwe likafanana, dawa pekee ni kushusha mbao zote za jirani zilifikie, kwahiyo nikarudia chumba kizima na msasa ule mkali mara mbili zaidi. Nilipopima mwishoni chumba cha kwanza kimepoteza zaidi kidogo ya milimita 1, kutoka 5 mpaka chini ya 4. Maisha mawili ya sakafu kwa kosa la kugeuza shingo. Waya pitisha begani, nyuma yako, na muombe mtu aushike. Mdogo wangu aliushika siku zote zilizofuata na hatukuwa na tatizo tena.

Kuhusu namba za msasa, namba ikiwa ndogo chembe zake ni kubwa. Msasa namba 40 chembe zake ni karibu nusu milimita, namba 120 ni kama sehemu ya nane ya milimita. Kinachofanyika ni hiki, msasa wa 40 unaondoa vanishi na kusawazisha lakini unaacha mifereji, msasa wa 60 kazi yake sio kulainisha tu, kazi yake ni kufuta mifereji ya 40, wa 80 unafuta ya 60, wa 100 au 120 unafuta ya 80. Ukiruka kutoka 40 kwenda 100 kwa haraka zako ule wa 100 utalainisha vilele vya mifereji, mkono ukipitisha utaona laini kabisa, utafurahi, utapaka vanishi, na vanishi ikishakauka mikwaruzo yote ya 40 inajitokeza kama mtu amechana sakafu na uma. Na hapo hakuna kurekebisha isipokuwa kuanza upya, yaani milimita nyingine. Ndo maana nasema kuruka namba ni kula sakafu mara mbili.

Pia sio lazima uanze na 40 kwa sababu kila mtu anaanza na 40. Jaribu kwanza na 60 sehemu moja. Kama 60 inaondoa vanishi ya zamani ndani ya mapito mawili au matatu, 40 ya nini? Chumba cha pili nilianza na 60.

Pita kwa kufuata urefu wa mbao. Kama mbao zimejikunja kidogo, kingo juu katikati chini, mapito ya kwanza unaweza kuyapinda kidogo, nyuzi 10 au 15 hivi, ili mashine ishike vilele vya mbao zote pamoja, alafu namba zinazofuata unarudi kwenye urefu wa mbao. Usipite kwa kukatisha, mikwaruzo ya kukatisha mbao ni migumu sana kuifuta.

Pembeni mwa ukuta dram haifiki, kuna mashine ndogo ya duara ya pembeni, na ile inaacha alama za kuzunguka kama nyayo za konokono. Mi niliona afadhali pembeni kumalizia na namba moja laini zaidi ya katikati, alafu kuunganisha kwa mkono na kipande cha msasa kimezungushiwa kijiti. Kona kabisa ni chuma cha kukwangulia na uvumilivu.

Na hapa niseme jambo lililonisaidia kuliko mashine zote. Taa ya juu zima. Subiri giza liingie, chukua tochi ilaze sakafuni, mwanga uende sambamba na mbao. Kila mkwaruzo, kila wimbi, kila alama ya duara itakuwa na kivuli chake. Mchana sakafu ileile inaonekana imekamilika. Nilikuwa nafanya hivi baada ya kila namba, natia alama za penseli pale palipobaki mikwaruzo, kesho yake nahangaika na hizo alama tu badala ya kusaga chumba kizima tena. Ukitaka uhakika zaidi pangusa sehemu ndogo na tapentaini, inaonyesha mbao itakavyokuwa na vanishi na makosa yote yanatoka hadharani, inakauka yenyewe.

Chumba cha pili sikutaka tena dram. Nikakodi ile mashine bapa ya kutetemeka, yenye sahani za duara tatu chini. Ni ya polepole, inachukua muda karibu mara mbili, kuna saa nilikuwa naona haifanyi kitu, lakini haichimbi. Ukisimama nayo hata dakika hakuna bonde. Siku nne badala ya mbili, na nilipopima nimeondoa nusu milimita tu. Nusu! Ningeanza nayo chumba cha kwanza bonde lile lisingekuwepo. Kwa mtu anayefanya kwa mara ya kwanza nyumbani kwake mi nasema chukua hiyo, dram waachie wanaoishika kila wiki, labda sakafu yako iwe imeharibika sana, ina mawimbi ya kutisha.

Lile doa jeusi la dirishani lilikuwa hadithi yake. Nilidhani ni uchafu uliozama, nikawa nataka kulisaga mpaka liishe, mzee akanizuia kwa simu. Doa jeusi namna ile kwenye mbao ngumu mara nyingi ni maji, chuma na ile tanini iliyomo ndani ya mbao vimekutana, msumari umelowa, kutu ikaingia, ikafanya kitu kama wino. Linaweza kushuka milimita kadhaa, ukilifukuza na msasa unachimba shimo. Dawa yake ni asidi ya oksaliki, unga mweupe unayeyushwa kwenye maji ya moto, unapaka kwa brashi juu ya mbao iliyokwisha kupigwa msasa, unaacha, doa linafifia ukiliangalia. Glavu, miwani na barakoa ni lazima, ni sumu, na baada ya hapo suuza na maji safi mara tatu na uache pakauke siku nzima au mbili, kwa sababu ikibaki kavu juu ya mbao ukaipiga msasa vumbi lake linaunguza koo na mapafu. Nilipaka mara mbili. Jeusi likawa kijivu hafifu kama kivuli, nikaacha hivohivo. Lingehitaji milimita moja ya mbao kuisha na sikuona doa linalostahili bei hiyo.

Mianya kati ya mbao, watu wengi wanajaza yote. Mimi nilijaza michache. Mbao inavimba hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka, kila mwaka, kwahiyo ukijaza mwanya mwembamba na filla ngumu msimu wa ukavu, unyevu ukirudi mbao zinaibana filla inapasuka na kutoka vipande vipande. Ile mipana nilichonga vijiti vya mbao vyembamba, nikavipaka gundi upande mmoja tu, nikavigonga taratibu ndani. Upande mmoja ili mbao ziendelee kucheza. Matundu ya misumari nilichanganya vumbi la msasa wa mwisho, lile laini kabisa, na gundi ya mbao, rangi inakaribiana kwa sababu ni mbao ileile, ila ikikauka inakuwa nyeusi kidogo kuliko ulivyotarajia, jaribu pembeni kwanza.

Vanishi. Nilisoma sana mpaka nikachanganyikiwa, kwahiyo nasema nilichofanya. Vyumbani nimepaka poliyurethani ya maji, yaani vanishi ya plastiki, mikono mitatu, maana yake tabaka tatu. Ile ya mafuta ni nzuri na ngumu, ila inaifanya mbao iwe ya njano kama asali na inazidi kuwa hivo kadiri miaka inavyokwenda, wengine wanaipenda hasa kwa sababu hiyo, na inataka karibu siku nzima kati ya mkono na mkono, na harufu yake inakaa. Ya maji inakauka ndani ya masaa mawili mpaka manne, inabaki haina rangi. Kati ya mkono na mkono unapitisha msasa wa 220 kwa wepesi sana, sio kuondoa, ni kuvunja zile nywele za mbao zilizosimama na kuipa vanishi inayofuata pa kushika, unavuta vumbi na vakyumu, unapangusa na kitambaa chenye unyevu kidogo. Koroga kopo, usilitikise, ukilitikisa unajaza mapovu. Anza ukuta wa mbali malizia mlangoni, na kila mara pita juu ya ukingo ambao bado mbichi, ukikauka kabla hujaungana nao utaona mstari milele.

Chumba cha pili mkono wa kwanza nilipaka saa sita mchana, jua limelala juu ya sakafu kutoka dirishani. Mbao ilikuwa ya moto, vanishi ikakauka juu kabla ya chini, mapovu madogo madogo yakagandia humo, upande mzima wa dirisha. Nilisubiri ikakauka vizuri, nikasugua sehemu hiyo na 150 mpaka mapovu yakaisha, mkono wa pili nikapaka jioni pazia limefungwa. Ikatulia kama maji kwenye beseni.

Korido ni tofauti, pale watu wanapita siku nzima na viatu, nikaweka mafuta ya nta, yale yanayoingia ndani ya mbao badala ya kukaa juu kama kioo. Sababu yangu ni hii, poliyurethani ikichakaa mahali pamoja huwezi kubandika kiraka kisionekane, lakini mafuta unasafisha palipochakaa, unapaka tena hapo tu, yanajichanganya na ya zamani. Kwenye njia ya watu nilitaka kitu ninachoweza kukitunza kwa kitambaa.

Vile vitambaa vya mafuta tafadhali sana. Mafuta ya kitani na mengi ya jamii hiyo yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa au kurundikwa kinashika joto lile mpaka kinawaka chenyewe bila kiberiti, masaa machache tu baada ya wewe kuondoka. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, au vitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Usitupe kwenye pipa la taka ndani ya nyumba. Nimerudia kumwambia mdogo wangu hili mpaka akachoka.

Baada ya mkono wa mwisho tulitembea na soksi kesho yake, vitanda tulirudisha siku ya nne tukivinyanyua, na miguu ya viti yote nimeibandika vipande vya sufi. Mazulia madogo hayajarudi mpaka leo, poliyurethani ya maji inataka kama wiki moja au mbili kukomaa kabisa, ya mafuta hata mwezi, na zulia ukiliwahisha linafungia hewa.

Mpango wangu sasa ni kutokukodi ile mashine tena kwa muda mrefu sana. Vanishi inachakaa kabla ya mbao, kwahiyo nikiona tu sehemu ya mlangoni imeanza kufifia, kabla haijaisha mbao ikabaki uchi, nitakwaruza juu juu na 150 kisha mkono mmoja mpya wa vanishi juu. Hiyo haili mbao hata kidogo. Wengi wanasubiri mpaka maji yameshaingia na mbao imekuwa ya kijivu, na hapo ndipo inabidi kusaga tena.

Jana nilifungua kile kipande cha kizingiti cha chumba cha kwanza ili nikipige vanishi na chenyewe. Kabla sijakirudisha nikakigeuza, nikaandika kwa penseli upande wa chini: tarehe, msasa tulioanzia na tuliomalizia, aina ya vanishi, na milimita 3.8 juu ya ulimi. Cha chumba cha pili kimeandikwa 4.5. Kisha nikavifunga skrubu.